Karani, Msaidizi na Ofisa: Historia ya Vyeo Vidogo katika Nyumba za Serikali

Miongoni mwa orodha za vyeo zinazoletwa mara kwa mara kwa wasanifu wa istilahi ili zipatiwe Kiswahili, zile zinazohusu nyumba za Serikali ndizo zinazoonekana nyepesi kuliko zote, na ndizo zinazorudi tena na tena. Nyumba ni neno la kila siku, na karani naye anafahamika. Hata hivyo mtu anayeketi katika chumba cha mbele cha ofisi ya nyumba, anayepokea maombi, kutafuta majalada, kuandika zamu ya wanaosubiri na kusikiliza malalamiko ya mabomba yaliyoziba, ameitwa kwa majina zaidi ya matano tangu enzi ya Wajerumani hadi leo. Kila jina lilikuwa na mshahara wake, na kwa muda mrefu kila mshahara ulikuwa na nyumba yake. Makala haya yanakusudia kufuata majina hayo kwa mpangilio wa nyakati, na kuonyesha kwamba mfasiri anayetafsiri cheo bila ya kutazama kazi na ngazi yake hupotosha zaidi ya neno.

Tuanze na karani. Msomaji wa pwani hatashangaa kuambiwa kwamba neno hili lilikuja kwa njia ya bahari kabla ya kuingia ofisini. Ibn Battuta, msafiri wa karne ya 14, alipoeleza desturi za bandari ya Zafar, ambayo leo imo katika Dhofar ya Omani, alisema kwamba jahazi lilipowasili watumwa wa Sultani walikwenda na mavazi ya heshima kwa ajili ya mwenye chombo, nahodha wake, na karani wake. Katika karne ya 16 kitabu cha Ain-i-Akbari, kilichoandikwa katika dola ya Wamogoli huko Bara Hindi, kinamtaja karani miongoni mwa mabaharia na kueleza kazi yake: kuweka hesabu za chombo na kuwagawia abiria maji ya kunywa. Mambo mawili hayo, daftari na mgawo wa kitu adimu, yanafaa kukumbukwa. Tutakapofika kwenye ofisi ya nyumba tutamkuta karani akifanya yaleyale, ila nyumba zimechukua mahali pa maji.

Wajerumani walilikuta neno hilo limekwisha kukaa. Utawala wao ulihitaji watu wa kuandika barua na kuhesabu kodi katika maboma, na kwa kuwa waliamua kuendesha shughuli za chini kwa Kiswahili, shule ya Tanga iliyofunguliwa mwaka 1892 ikawa chimbuko la makarani, wakalimani na walimu. Karani wa wakati huo alikuwa mtu mzito. Jumbe na akida walimtegemea, na mwenye shauri alimwendea yeye kwanza. Neno lilikuwa moja tu, bila ya daraja la kwanza wala la pili, na uzito wake ulitokana na kalamu aliyoishika.

Ngazi ndefu zilikuja na Waingereza. Utumishi wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulipangwa kwa tabaka tatu zilizofuata rangi za watu: Wazungu juu, Wahindi katikati, Waafrika chini, na karibu kila tabaka lilikuwa na makarani wake. Mji wa Dar es Salaam nao, ambao Wajerumani walikuwa wamekwisha kuwekea kanuni za kanda za ujenzi, uliendelea kugawanywa hivyohivyo katika kanda tatu, na wenyeji wakazipa majina yasiyohitaji ramani: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Nyumba za watumishi zilifuata mgawanyo huo. Bwana Shauri alipewa nyumba yenye baraza pana na samani za Serikali upande wa Oyster Bay. Karani Mwafrika, aliyebahatika, alipata chumba katika safu za nyumba za Serikali zilizojengwa Ilala, na baadaye Magomeni. Asiyebahatika alipanga Kariakoo kwa fedha yake.

Hapo ndipo Kiswahili kilipopata neno kota. Limetokana na neno la Kiingereza la makao ya watumishi, lakini katika Kiswahili limejibana: si kila nyumba ya Serikali inayoitwa kota. Jumba la Oyster Bay watu wa mjini hawakuliita hivyo. Kota ni nyumba za safu, zenye ukuta wa pamoja na aghalabu bomba la pamoja. Kamusi inayofasiri kota kuwa “nyumba ya mtumishi wa Serikali” basi inasema nusu tu ya habari. Neno lina ngazi ndani yake.

MSAIDIZI MBELE NA MSAIDIZI NYUMA

Mwaka 1922 makarani na walimu Waafrika wa Tanga waliunda chama cha watumishi wa Serikali, na kiongozi wao alikuwa Martin Kayamba, karani aliyezaliwa Zanzibar. Historia ya chama hicho imeandikwa na wengi kwa sababu ya siasa, nasi hatuna haja ya kuirudia. Kinachotuhusu ni vyeo vya Kayamba mwenyewe. Kwa miaka kadhaa alikuwa karani mkuu katika ofisi ya Serikali huko Tanga. Mwaka 1931 alikuwa mmoja wa Waafrika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, na safari hiyo akaiandikia kitabu, Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza. Mwaka 1932 akahamishiwa makao makuu ya Serikali, Dar es Salaam, kwa cheo cha Katibu Msaidizi.

Tulinganishe vyeo hivyo viwili. Karani mkuu ni mkuu, lakini ni mkuu wa makarani. Katibu Msaidizi ni msaidizi, lakini amekwisha kuwa katibu. Kwa sikio la asiyezoea ofisi, mtu aliyetoka “ukuu” kwenda “usaidizi” ameshushwa. Kwa kweli Kayamba alikuwa amevuka ukuta ambao hakuna Mwafrika wa Tanganyika aliyekuwa ameuvuka kabla yake.

Kiswahili kina uwezo wa kulionyesha jambo hili waziwazi kuliko Kiingereza, nasi hatuutumii ipasavyo. Kiingereza huliweka neno la msaidizi mbele ya jina la kazi na kumwachia msomaji akisie. Kwetu mahali pa neno hutofautisha maana. Tukisema Katibu Msaidizi au Ofisa Tawala Msaidizi, tunamtaja mtu aliyemo ndani ya kada hiyo, kwenye kidato cha chini. Tukisema Msaidizi wa Katibu, tunamtaja mtu wa kumsaidia mtu mwingine, naye aweza kuwa wa kada yoyote. Na tukisema Msaidizi wa Utawala, tunataja kada nyingine kabisa, ya watu wanaofanya kazi za mkono na za kalamu zinazouwezesha utawala kwenda, bila ya wao kuwa maofisa tawala. Mfasiri anayechukua maneno mawili ya Kiingereza na kuyapanga kwa namna iliyomjia kwanza aweza kumtoa mtu kada moja na kumtia katika nyingine bila ya barua ya kupandishwa cheo wala ya kushushwa.

Iko hatari nyingine, nayo ni ya wakati. Katika Tanganyika ya mwaka 1950 cheo cha Kiingereza tunachokifasiri Ofisa Tawala kilikuwa cha mabwana wakubwa: wakuu wa wilaya na mabwana shauri. Nchini Uingereza kwenyewe, katikati ya miaka ya 1980, vyeo viwili vya chini kabisa vya ukarani vilibadilishwa majina. Msaidizi wa ukarani akaitwa msaidizi wa utawala, na ofisa wa ukarani akaitwa ofisa tawala. Kazi ilibaki ileile ya kupanga majalada, kujibu barua za kawaida na kuingiza takwimu; jina tu lilipambwa. Matokeo yake ni kwamba hati mbili za Kiingereza, moja ya mwaka 1950 kutoka Dar es Salaam na moja ya leo kutoka London, zinatumia maneno yaleyale kwa watu ambao lau wangeishi mji mmoja wasingelala mtaa mmoja. Anayefasiri tangazo la kazi la halmashauri ya mji wa Uingereza, ambako msaidizi wa utawala katika idara ya nyumba hupokea simu za wapangaji na kuandikisha maombi ya matengenezo, akimwita “Ofisa Tawala Msaidizi” amempa kiti kisicho chake.

TUME, MISHAHARA NA NYUMBA

Baada ya Vita vya Pili tume mbili zilichunguza utumishi wa Afrika Mashariki. Ya kwanza, iliyoongozwa na Maurice Holmes, ilitoa taarifa yake mwaka 1948, na jina lake limebaki kwa sababu ya kanuni moja: mtumishi asiye Mzungu, hata akiwa na elimu sawa na kazi sawa, alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Ya pili, ya David Lidbury, ya mwaka 1953 hadi 1954, ilikataa kanuni hiyo na kupendekeza ngazi za mishahara zisizotaja rangi, pamoja na nyongeza ya kuwavutia wageni wanaotoka ng’ambo.

Kwa karani wa nyumba mabadiliko haya yalikuwa na uzito wa pekee, maana yeye ndiye aliyeshika daftari ambamo mshahara uligeuka kuwa nyumba. Tuangalie kazi yake ilivyokuwa. Ombi lilipofika aliandika tarehe, jina, cheo na ngazi ya mshahara, idadi ya jamaa na mahali mwombaji anapoishi. Alilipeleka jalada masjala na kulirudisha likiwa na dokezo la mkubwa. Aliandaa orodha kwa ajili ya kamati ya ugawaji. Nyumba ilipopatikana alikwenda na mwombaji, akahesabu viti, vitanda, vioo vya madirisha na funguo, wote wawili wakatia sahihi hati ya makabidhiano. Kisha aliiarifu idara ya fedha ili pango likatwe kwenye mshahara. Mtumishi alipohamishwa kazi hiyo yote ilifanywa kinyumenyume, na kioo kilichovunjika kilikatwa.

Tukizitazama kazi hizo moja moja, hakuna inayohitaji shahada. Tukizitazama kwa pamoja, tunaona madaraka ambayo jina “karani” haliyatangazi. Kamati ndiyo iliyogawa, lakini kamati iligawa kwa orodha, na orodha iliandikwa na mtu wa ngazi ya chini ambaye yeye mwenyewe mara nyingi alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakingoja. Sijapata kuona orodha ya vyeo iliyolipima jambo hilo. Upangaji wa madaraja hupima elimu, miaka ya kazi na idadi ya walio chini ya mtumishi; haupimi ni watu wangapi wanaolala penye uvujaji kwa sababu karatasi moja imechelewa mezani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 watumishi Waafrika walianza kuingia nyumba za Oyster Bay kwa kufuata vyeo vyao vipya. Ramani ya rangi ilianza kufutika, ila daftari lilibaki lilelile: nyumba iliendelea kufuata ngazi. Mwaka 1962 lilianzishwa Shirika la Nyumba la Taifa, kwa ajili ya wananchi wote na si watumishi peke yao. Mwanzoni mwa mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za Serikali, na mwaka huohuo sheria ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Vyeo vyote vilivyokuwa vikiitwa kwa Kiingereza vikahitaji majina, na vilihitaji upesi.

Upesi huo ulizaa mema mengi. Masjala, jalada, dokezo, mhazili na tarishi ni maneno yaliyosimama imara, na Tabora ikapata chuo kilichojulikana kote kwa jina la Chuo cha Uhazili. Lakini ulizaa pia mazoea ya kufasiri orodha bila ya maelezo ya kazi. Azimio la Arusha la Februari 1967 nalo lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na katika sharti hilo waliingizwa watumishi wa Serikali wa vyeo vya kati na vya juu. Kwa hiyo nyumba ya Serikali ilizidi kuwa tegemeo la mtumishi, na swali la nani yuko ngazi gani likawa zito kuliko zamani.

Mwaka 1971 likazuka jina ambalo wanaistilahi wangefaa kulitumia darasani. Sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iliunda ofisi ya Msajili wa Majumba. Kwa maana ya neno, msajili ni mtu wa kuandikisha. Lakini huyu hakuandikisha tu: alimiliki, alipangisha, alikusanya pango na aliwatoa wasiolipa. Watu walilielewa jambo hilo bila ya kuelezwa, na kwa miaka mingi “nyumba ya Msajili” ilikuwa na maana ya nyumba ya kupanga ya Serikali katika majengo ya mjini. Karani wa ofisi hiyo, ingawa aliitwa karani wa msajili, alifanya kazi ya wakala wa mwenye nyumba. Mfasiri wa siku za usoni atakayeikuta barua ya mwaka 1975 akaidhania inatoka ofisi ya kuandikisha hati, kama ya vizazi na vifo, atapotea kabisa. Ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990, lakini barua zake zingali kwenye majalada.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya uongozi. Mwaka 2002 Wakala wa Majengo Tanzania ulianzishwa, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakiishi humo, jambo lililobishaniwa sana Bungeni na magazetini. Kota za Magomeni zilibomolewa, na mwaka 2022 majengo mapya ya ghorofa yakafunguliwa mahali pake; watu wangali wanapaita Magomeni Kota, ingawa zile nyumba za safu hazipo tena.

NGAZI INAYOPANDA NA NGAZI INAYOSHUKA

Limebaki neno daraja, nalo ndilo lenye matata kuliko yote. Katika Kiarabu lilikotoka, maana yake ni kidato au cheo. Kwetu limekuwa pia njia ya kuvukia mto, na katika nyumba za mawe za pwani ni ngazi za kupandia orofani. Ofisini limebebeshwa mizigo mitatu: daraja la mtumishi, daraja la mshahara na daraja la nyumba. Kwa bahati mbaya mizigo hiyo haielekei upande mmoja. Mtoto huanza darasa la kwanza akapanda hadi la saba. Mtumishi huanza daraja la pili au la tatu, akapanda hadi la kwanza. Ngazi za mishahara za Serikali ya Tanzania, katika matangazo ya kazi ya miaka ya karibuni, zinaanza na herufi A chini na kupanda: Ofisa Tawala Daraja la II huanzia D. Nyumba ya daraja la kwanza, kwa upande wake, ndiyo bora. Basi mtumishi mmoja katika fomu moja aweza kuandikwa namba inayopungua kadiri anavyopanda na herufi inayosogea mbele kadiri anavyopanda.

Wenzetu wa Kenya hawakusalimika. Nyumba zao za Serikali zilipewa herufi za daraja la juu, la kati na la chini, utaratibu ulio wazi na unaofasirika bila ya taabu. Lakini makundi ya kazi, ambayo kwa miaka mingi yalianza na A chini kabisa, yamebadilishwa kuwa ngazi za namba ambamo 1 ndiyo ya juu na 17 ndiyo ya chini. Mwenye kufasiri hati za Kenya hana budi kutazama tarehe kabla ya kutazama kamusi.

Pendekezo langu kwa wafasiri na kwa maofisa wanaotayarisha miundo ya utumishi ni hili. Mahali popote panapotajwa daraja, litajwe la nini: daraja la cheo, ngazi ya mshahara, aina ya nyumba. Neno aina linatosha kwa nyumba, na halimwambii mpangaji kuwa yeye ni wa chini. Kwa mtu wa chumba cha mbele mwenye kushika rejesta na funguo, karani wa nyumba lingali jina zuri, lenye historia na lisilo na kiburi. Sioni sababu ya kulikimbia kwa kuwa tu Waingereza wamelikimbia lao. Anayesaidia ukaguzi wa majengo, mikataba na madeni ya pango aitwe msaidizi wa miliki, na mwenye shahada anayeamua aitwe ofisa miliki, cheo ambacho kimekwisha kuzoeleka. (Wako wanaoandika milki, nadhani herufi moja haifai kutuchelewesha.) Jina la msaidizi wa utawala liachiwe yule ambaye kazi zake zinavuka idara zote: mikutano, mihutasari, usafiri, vifaa.

Wako watakaosema kwamba siku hizi maombi hupokelewa kwa kompyuta, pango hulipwa kwa namba ya malipo kupitia simu, na kwa hiyo karani wa nyumba anakwisha mwenyewe. Lakini tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wengi wamehitaji makazi katika mji uleule kwa wakati mmoja, na kompyuta haiendi na mpangaji kuhesabu vioo. Anayekwenda ni mtu, naye bado anatia sahihi hati ya makabidhiano. Chini ya sahihi yake pana mstari mfupi wa kuandika cheo.